Pedi Mbovu, Ubongo Mzima: Jinsi ya Kujiundia Joistiki ya Gemu Nairobi

Karibu kila kibanda cha PS (PlayStation) mtaani kina kartoni chini ya meza, na humo ndimo pedi, vile vidhibiti vya gemu vya kushika mkononi, huishia. Stiki ya kushoto imeanza kujiendesha, mchezaji wa mpira anakimbilia pembeni bila kuguswa na mtu, mteja anataka pesa zake, na mwenye kibanda anachomoa pedi na kuitupia kwenye kartoni. Hana muda wa kuitengeneza. Meza ikikaa saa nzima bila mchezo ni hasara.

Nimefungua pedi za aina hiyo kwa miaka, na kisa huwa ni kile kile. Kilichokufa ni ngozi na viungo: raba imelegea, stiki imelika, waya umekatika pale unapoingilia kwenye pedi. Chipu iliyo katikati, ule ubongo unaoiambia kompyuta kwamba umebonyeza hiki au kile, bado ni nzima kabisa. Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kuutoa ubongo huo na kuujengea mwili mpya, yaani joistiki: sanduku la mbao lenye mkono unaoushika kwa kiganja kizima, pamoja na vitufe vya milimita 30 unavyovigonga kwa vidole vyote badala ya kuvibinya kwa kidole gumba.

Wanaopenda gemu za kupigana ndio watakaofaidi zaidi. Street Fighter II ilipotoka mwaka 1991 ilikuwa na vitufe sita vya kushambulia, vitatu vya ngumi na vitatu vya mateke, vimepangwa safu mbili. Kwenye pedi, viwili kati ya hivyo hulazimika kuhamia mabegani mwa pedi, pale juu, na ndiyo maana mikono hujikanganya. Kwenye joistiki vyote sita viko chini ya vidole vyako, na kila kidole kina kazi yake.

Tenga wikendi mbili. Ya kwanza ni ya bodi na nyaya, ya pili ni ya mbao.

KUCHAGUA PEDI

Hapa usiharakishe, kwa sababu pedi utakayochagua ndiyo itakayoamua kama kazi itakuwa ya saa nne au ya machozi.

Rahisi kuliko zote ni zile pedi za bei nafuu za kompyuta zenye waya wa USB, zilizotengenezwa kwa umbo la pedi ya PS2. Zimejaa Luthuli Avenue, na mbovu zake zimejaa kwenye makartoni niliyotaja. Ndani zina bodi moja kubwa, na chini ya kila raba kuna miguso ya kaboni inayoonekana wazi. Pedi ya Xbox 360 yenye waya nayo ni nzuri sana na bodi yake ni imara, ila vitufe vyake viwili vya nyuma havifanyi kazi kama swichi. Hivyo hupima ni kiasi gani umebonyeza. Ukiipata, tumia vitufe vingine na uache hivyo viwili vikae kwenye bodi bila kuguswa.

Pedi halisi za PS2 na PS3 sikushauri uanze nazo. Chini ya vitufe vyake mna karatasi laini ya plastiki iliyochapwa njia za umeme, na karatasi hiyo haikubali kulehemiwa, bali huyeyuka. Pedi zisizo na waya nazo ziache kwanza. Nyingi zina betri ya lithiamu, na betri iliyokaa kwenye kartoni kwa mwaka mzima huenda imevimba. Ukiona imevimba usiitoboe wala usiitupe kwenye taka za nyumbani. Nairobi kuna vituo vinavyopokea taka za umeme, WEEE Centre ikiwa mojawapo, na huko ndiko kwake.

Jambo moja zaidi kabla hujanunua vipuri: pedi za USB za bei nafuu hufanya kazi kwenye kompyuta na kwenye simu nyingi za Android, lakini PS4 na PS5 hazizikubali, maana mashine hizo huomba kwanza utambulisho wa pedi iliyoidhinishwa. Kama shabaha yako ni PS4, itabidi utoe bodi kutoka kwenye pedi ya PS4 yenyewe, na hiyo si kazi ya mtu anayeanza.

Nunua pedi mbili mbovu za aina moja. Moja ni ya kujifunzia.

KUIFUNGUA NA KUIPIMA

Geuza pedi, fungua skrubu zote za nyuma, na ukumbuke kwamba mara nyingi moja hufichwa chini ya kibandiko. Gamba likikataa kuachana, usilivute kwa nguvu, kuna skrubu uliyoisahau. Toa raba, toa injini ndogo mbili zinazotetemesha pedi kwa kukata nyaya zake, kisha safisha bodi kwa pamba na spiriti. Utashangaa uchafu unaotoka, mchanganyiko wa jasho na unga wa chipsi.

Piga picha pande zote mbili. Ninasisitiza hili kwa sababu picha ya simu ukiivuta karibu inaonyesha njia za shaba vizuri kuliko macho, na baadaye waya ukikatika utataka kujua ulikuwa wapi.

Sasa itazame miguso. Chini ya kila kitufe kuna vipande viwili vyeusi vilivyokaribiana bila kugusana, mara nyingine vimepishana kama meno ya vichana viwili. Ukibonyeza kitufe, kidonge cha kaboni kilicho chini ya raba huviunganisha. Hivyo tu. Kitufe cha aina hii ni njia ya umeme iliyokatwa inayosubiri kuunganishwa, na joistiki tunayounda itaunganisha njia zile zile kwa swichi kubwa zaidi.

Chomoa pedi kwenye kompyuta, chukua multimita, kile kipima umeme, na uiweke kwenye alama ya mlio, ambapo hulia ncha zake mbili zikiwa zimeungana. Ncha moja ishike mahali waya mweusi wa USB unapoingia kwenye bodi. Kwa kawaida mweusi ndio hasi, mwekundu ni chanya ya volti 5, mweupe na kijani hubeba mawasiliano, ingawa pedi za bei ya chini mara nyingine hubadilisha rangi, kwa hiyo soma pia maandishi ya bodi. Ncha ya pili gusa upande mmoja wa kitufe, kisha upande wa pili. Kama kila kitufe kina upande mmoja unaolia, una bahati: bodi yako ina hasi ya pamoja. Utahitaji waya mmoja tu wa hasi kwa vitufe vyote, na waya mmoja wa ishara kwa kila kitufe.

Kama vitufe haviungani na hasi, bodi yako imepangwa kwa matriksi, yaani vitufe vinagawana njia kwa safu na mistari. Bado inafanya kazi, ila kila kitufe kitahitaji nyaya zake mbili, na ni lazima zisichanganyike na za jirani. Kwa mara ya kwanza ningeiweka kando na kutafuta nyingine.

Baada ya hapo chomeka USB. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, fungua sifa za pedi, nawe utaona taa za vitufe kwenye skrini. Chukua kipande kifupi cha waya, ncha moja kwenye hasi, nyingine uguse upande wa ishara wa kila kitufe. Taa inayowaka ndiyo namba ya kitufe hicho. Andika kwenye karatasi. Usilehemu chochote kabla ya kufika hapa na kuona kila kitufe kinaitika. Kama vitufe viwili vimekufa, bodi hiyo iweke kwa vipuri.

Kwenye pedi nyingi za namna hii kuna kitufe cha katikati chenye taa ndogo nyekundu. Hicho hubadilisha tabia ya msalaba wa mielekeo: taa ikizimwa, kompyuta huuona msalaba kana kwamba ni stiki. Jaribu hali zote mbili na uandike ipi inafaa gemu zako. Mimi hukitolea waya na kukifungia kitufe kidogo nyuma ya sanduku.

KUINYAMAZISHA STIKI

Pedi ilitupwa kwa sababu stiki inajiendesha. Ukiiacha hivyo ndani ya sanduku, itaendelea kuiambia kompyuta kwamba unasukuma kushoto, hata kama hakuna anayeigusa.

Kila stiki ya kidole gumba ina vijisanduku viwili ubavuni, hizo ni potenshiomita, moja ya kulia na kushoto, nyingine ya juu na chini. Kila moja ina miguu mitatu. Miguu ya pembeni ni chanya na hasi, wa katikati hupeleka ishara. Stiki ikiwa imetulia, mguu wa katikati huwa na nusu ya volti zilizo kati ya miguu ya pembeni, na kompyuta huelewa kwamba hakuna mwendo. Kazi yako ni kuidanganya bodi ione nusu hiyo siku zote.

Kata miguu mitatu ya potenshiomita kwa koleo dogo, ukiacha visiki unavyoweza kulehemu. Kisha chukua rezista mbili za kiloomu 10, zile zenye mistari ya kahawia, nyeusi, chungwa na dhahabu. Ya kwanza iunganishe kisiki cha katikati na cha kushoto, ya pili cha katikati na cha kulia. Basi. Fanya hivyo kwa potenshiomita zote nne, yaani rezista nane. Rudi kwenye joy.cpl uone alama ya msalaba imetulia katikati. Mara ya kwanza nilipoona alama ile imesimama tuli kwenye pedi iliyokuwa imetupwa, nilimwita mpwa wangu aje aone, akaniuliza, "Mjomba, si ulisema imekufa?"

VIFAA

Mkono wa joistiki na vitufe ndivyo vitu pekee ninavyonunua vipya. Vya Kijapani, hasa Sanwa, ndivyo kipimo cha ubora, lakini seti za Kichina za kuagiza mtandaoni zinatosha kabisa kuanzia. Hakikisha vitufe ni vya kufungwa kwa nati ya plastiki, si vya kubana kwa kucha. Vya kucha vimetengenezewa bati jembamba na havishiki kwenye mbao. Unahitaji vitufe sita vya milimita 30, viwili vya milimita 24 vya kuanzia na kuchagua, na mkono mmoja wenye swichi nne.

Nyaya zipate bure. Kebo bapa za kompyuta za zamani, zile pana za kijivu zilizokuwa zikiunganisha diski, zina nyaya 40 laini zisizokatika upesi. Kebo ya intaneti nayo inafaa kwa sababu ina rangi nane, ila waya wake ni mgumu na ukiukunja mara nyingi mahali pamoja hukatika. Klipu za kuchomeka kwenye miguu ya swichi zinapatikana kwa wauza spea za magari kule Kirinyaga Road. Nenda na swichi yako mfukoni, kwani miguu hutofautiana: kuna ya milimita 2.8, 4.8 na 6.3, na kukadiria kwa macho hakusaidii.

Swichi za mkono zikifa siku zijazo, mtafute fundi wa maikrowevu. Swichi zinazohisi kama mlango wa maikrowevu umefungwa mara nyingi zina umbo lile lile la swichi za joistiki. Mwombe akutolee yeye mwenyewe. Usiifungue maikrowevu wewe, hata kama imechomolewa kwenye stima, kwa sababu kapasita yake inaweza kuhifadhi umeme wa kuua. Ukipewa swichi, pima kwa multimita miguu inayoungana ukibonyeza, maana nyingine hufanya kinyume.

Kwa mengine: chuma cha kulehemu cha wati 30 au 40, lehemu yenye flaksi ndani (dawa inayoisaidia kushika), wembe, gundi ya moto, drili, biti bapa za milimita 30 na 24, patasi, msasa.

KULEHEMU

Lehemu haishiki kwenye kaboni. Hili huwashinda wengi wanaoanza: wanakandamiza chuma juu ya doa jeusi, lehemu inaviringika kama tone la maji kwenye jani la nduma, wanaongeza joto, na bodi inaungua. Fuata njia ya shaba inayotoka kwenye doa hilo hadi ufike mahali panapong'aa, kitundu kidogo au nukta ya kupimia, ulehemu hapo. Kama hakuna, shika wembe na ukwangue rangi ya kijani juu ya njia yenyewe, taratibu, kama mtu anayetoa gamba la samaki mdogo, mpaka shaba ya rangi ya waridi itokeze kwa urefu wa milimita mbili. Si zaidi.

Paka shaba hiyo lehemu kidogo. Paka pia ncha ya waya. Kisha kutanisha viwili hivyo, gusa kwa chuma kwa sekunde mbili au tatu, ondoa chuma, na usitikise waya hadi lehemu igande. Ikiwa nzuri inang'aa na kuteremka pande zote kama kilima kidogo. Ikiwa imevimba na kuwa kijivu, irudie.

Bodi yangu ya kwanza niliiharibu kwa chuma cha wati 60 nilichoazima. Njia ya shaba ilibanduka kama ganda la kitunguu na kubaki ikining'inia kwenye waya. Bodi za kahawia za pedi za bei nafuu hazistahimili joto la muda mrefu. Ikikutokea, usikate tamaa: ifuate njia ile kwenye picha uliyopiga hadi kituo kinachofuata, mara nyingi karibu na chipu, na ulehemu huko.

Vitufe vya mabegani viko kwenye vibodi vidogo vilivyounganishwa na bodi kuu kwa nyaya chache. Hapo lehemu ni rahisi, kwa sababu nukta tayari zipo. Kata kibodi na utumie nyaya zile zile.

Kwa vitufe sita, kuanza, kuchagua na mielekeo minne utakuwa na nyaya 12 za ishara na moja ya hasi. Kila waya ukimaliza, uvute kidogo kwa kidole, pima mlio, bandika tepu yenye jina lake. Zote zikishakubali ndipo uweke gundi ya moto juu ya lehemu ili nguvu ya kuvutwa isifike kwenye shaba. Gundi kabla ya kupima ni kosa, utaikwangua yote tena.

Fungua dirisha unapolehemu, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula. Lehemu nyingi zinazouzwa zina madini ya risasi.

SANDUKU

Kabla ya kwenda kununua mbao, weka karatasi kubwa mezani. Kaa kama unavyokaa ukicheza, lalisha mikono yote miwili bila kujikaza, na umwombe mtu aweke alama kwenye ncha za vidole vinne vya mkono wa kulia. Vidole havilingani urefu, kwa hiyo safu ya vitufe itajipinda, na mpindo huo ndio utakaouokoa mkono wako usichoke. Kati ya kitovu cha kitufe na kingine acha milimita 36. Kutoka kitovu cha mkono wa joistiki hadi kitufe cha kwanza mimi hupenda kati ya sentimita 7 na 9. Kuanza na kuchagua viweke mbali, kwenye kona ya juu, visiguswe kwa bahati mbaya katikati ya mchezo.

Nilipokwenda Gikomba kutafuta mbao, fundi niliyemkuta alikuwa anapiga randa.

"Shikamoo mzee. Naomba unikatie plaiwudi ya milimita sita, arobaini kwa ishirini na tano."

"Marahaba. Ni ya nini?"

"Ya kutengenezea kifaa cha gemu. Naipiga kwa mikono."

Akakibonyeza kile kipande cha milimita sita kwa kidole gumba kikapinda. "Chukua ya tisa. Hii itakuchekea kila ukigonga."

Alikuwa sahihi. Milimita 9 kwa uso wa juu, mbao za kawaida za upana wa sentimita 7 kwa kuta, na chini ubao mzito wowote. Uzito wa chini ni muhimu, kwa sababu sanduku jepesi hukimbia mapajani.

Bandika karatasi yako juu ya plaiwudi, toboa kwanza vitundu vidogo vya milimita 3 kwenye kila kitovu. Halafu chukua biti bapa ya milimita 30, toboa kutoka juu mpaka ncha ya biti ichungulie upande wa pili, simama, geuza ubao na umalizie kutoka chini. Ukipitiliza moja kwa moja, plaiwudi itapasuka na kuacha manyoya. Tundu la mkono wa joistiki linatosha likiwa la milimita 24, biti ile ile ya vitufe vidogo.

Mkono hufungwa kutoka chini, na milimita 9 ni nene kwake. Ukiufunga hivyo utakuwa mfupi juu. Chora umbo la bati lake upande wa chini, kisha uchimbe kwa patasi hadi zibaki milimita 5 hivi. Chimba polepole, ukitumia nyundo nyepesi, patasi ikiwa imenolewa. Hii ndiyo kazi inayonichukua muda mrefu kuliko nyingine za mbao, na ninaipenda.

Msasa wa 120, kisha wa 240, vanishi mara mbili, iache ikauke usiku kucha. Kwa miguu, nenda kwa mafundi wa akala uwaombe vipande vinne vya tairi. Vinashika meza kuliko mpira wowote wa dukani.

KUFUNGA NYAYA NA KUJARIBU

Funga vitufe na mkono mahali pake, kisha anza na waya wa hasi. Utoe kwenye bodi, upite kitufe cha kwanza, cha pili, hadi cha mwisho na kwenye swichi za mkono, halafu uurudishe kwenye bodi uwe duara kamili. Ukiuacha kama mnyororo wenye mwisho, klipu moja ikilegea vitufe vyote vinavyoifuata vinakufa kwa pamoja. Duara halina tatizo hilo, kwani umeme utapitia upande wa pili.

Nyaya za ishara ni moja kwa kila kitufe, mguu wowote kati ya miwili. Kwenye swichi za mkono zenye miguu mitatu tumia ule wa pamoja na ule unaoungana ukibonyezwa.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa watu wengi hufungua kazi yao upya. Ukisukuma mkono kulia, sehemu yake ya chini huenda kushoto, maana unazungukia egemeo lililo katikati. Swichi itakayobonyezwa ni ya kushoto. Kwa hiyo waya wa kulia unakwenda kwenye swichi ya kushoto, wa juu kwenye swichi iliyo karibu na tumbo lako. Usikisie. Sukuma mkono, sikia swichi ipi inalia tiki, na uchomeke waya hapo.

Waya wa USB upige fundo ndani kabla ya kuutoa nyuma, ili mtu akijikwaa fundo ndilo livutwe badala ya bodi. Bodi yenyewe ifunge kwa skrubu ndogo juu ya vipande vya kadibodi, mbali na miguu ya vitufe.

Chomeka, fungua joy.cpl. Kitufe kinachowaka bila kuguswa kina lehemu iliyomwagikia jirani, tafuta kwa kioo cha kukuzia. Kisichowaka kabisa, gusisha miguu yake miwili kwa waya: kikiwaka swichi ni mbovu, kisipowaka waya umekatika. Vyote vikifa kwa pamoja, kagua hasi kwanza. Mwelekeo ukijirudia wenyewe wakati umeuachilia mkono, swichi hiyo imekaa karibu mno na mkono, legeza skrubu zake uisogeze kidogo.

Wapo wanaotoa mkono kabisa na kuweka vitufe vinne vya mielekeo badala yake. Bodi na nyaya ni zile zile, na gharama inapungua. Fahamu tu kwamba msalaba wa pedi haukuruhusu kubonyeza kushoto na kulia kwa pamoja, ilhali vitufe vinaruhusu, na baadhi ya gemu hupotewa hapo.

Wiki ya kwanza cheza sana, kisha fungua chini na ukague kila klipu kwa kidole. Mitikisiko hulegeza zile ambazo hazikubanwa vizuri, kwa kawaida moja au mbili. Zibane kwa koleo, funga skrubu, na magamba ya pedi yaliyobaki uyapeleke kituo cha taka za umeme pamoja na vipande vya nyaya. Usizichome kutafuta shaba, moshi wa plastiki hiyo ni sumu kwa watoto wa ploti nzima.